Mzee anasahau: kagua usiku wake kwanza

Choo kikianza kurudisha maji, mwenye nyumba anakuwa ameshapata jibu kabla sijafika. "Fundi, bomba limepasuka." Mara nyingi halijapasuka. Kuna tambara kwenye chemba, au shimo limejaa, au jirani kajiunganisha usiku bila kuuliza mtu. Nafanya kazi ya majitaka hapa Dodoma tangu Kisasa ikiwa pori, na bado nakutana na watu waliokwishavunja sakafu nzima ya bafu kabla ya kufunua chemba iliyo nje ya dirisha.

Baba yangu alipoanza kusahau, nami nikafanya vilevile. Nilisema ni uzee. Dada yangu wa Chamwino akasema kuna mkono wa mtu. Shemeji akaja na chupa ya "dawa ya kusafisha ubongo" aliyouziwa stendi kwa shilingi elfu arobaini. Kila mtu alikuwa na jibu, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza mzee analalaje.

Mimi si daktari. Haya nimeyaokota kliniki, miaka miwili ya kumpeleka na kumrudisha, na katika kusoma usiku baada ya hapo. Nimeyapanga kwa namna ninayokagua mfumo wa majitaka: unaanza na kile kinachoweza kuua leo, unafuata kilicho rahisi kufunua, mwisho ndipo unavunja sakafu. Panapotajwa kidonge, mwenye kauli ni tabibu wako, si mimi.

Mfumo wenyewe

Mwili mzima unatoa taka, na sehemu kubwa ya mwili ina mishipa ya limfu ya kuzoa. Ubongo, ambao ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mtu lakini unakula karibu asilimia 20 ya nguvu yake, kwa miaka mingi ulidhaniwa hauna mfumo wa aina hiyo. Mwaka 2012 Maiken Nedergaard, Jeffrey Iliff na wenzao wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, wakaonyesha kwa panya njia ambayo maji ya ubongo huitumia kupita na kubeba uchafu. Wakaiita mfumo wa glimfatiki.

Maji hayo, yaleyale yanayouzunguka uti wa mgongo, ni kama mililita 150 kwa wakati mmoja, hayafiki nusu ya chupa ya soda. Lakini mwili hutengeneza kama mililita 500 kwa siku, kwa hiyo yanabadilishwa mara tatu au zaidi kila siku. Hayapiti kwenye bomba. Yanapita kwenye upenyo mwembamba unaoizunguka ateri kwa nje, kama maji yanayofuata ukuta wa nje wa bomba lililofukiwa. Yanaingia katikati ya seli kwa msaada wa vitundu vinavyoitwa akwaporini-4, vilivyo kwenye nyayo za seli za astrositi zinazoikumbatia mishipa ya damu. Yakishachukua taka hutoka kandokando ya vena, na mengine huishia kwenye mishipa ya limfu iliyo katika utando wa ubongo, ambayo timu mbili, moja ya Virginia na nyingine ya Helsinki, ziliieleza mwaka 2015.

Pampu iko wapi? Hilo ndilo lililonikuna mimi kama fundi. Pampu ni ateri yenyewe: kila pigo la moyo linaitanua kidogo na kuyasukuma maji mbele. Kumbuka hilo tukifika kwenye presha.

Miongoni mwa taka hizo zimo protini mbili, amiloidi beta na tau. Hizo ndizo hugandamana katika ubongo wa mwenye ugonjwa ambao daktari Mjerumani Alois Alzheimer aliueleza mwaka 1906, na amiloidi huanza kujikusanya miaka 15 hadi 20 kabla mtu hajasahau jina la mjukuu.

Kuhusu usingizi: mwaka 2013 timu ileile ya Rochester iliona kwamba panya akilala, nafasi kati ya seli hupanuka kutoka kama asilimia 14 ya ubongo hadi kama 23, na amiloidi huondoka kwa kasi maradufu. Kwa binadamu, watafiti wa Boston mwaka 2019 waliyaona maji ya ubongo yakiingia kwa mawimbi mtu akiwa katika usingizi mzito, wimbi moja kama kila sekunde 20. Mwaka mmoja nyuma, utafiti wa watu 20 huko Marekani uliona amiloidi imepanda kama asilimia 5 baada ya kukesha usiku mmoja tu.

Wenye fani hii nao wana ubishi wao. Mwaka 2024 timu ya London ilitoa vipimo vya panya vinavyosema kinyume, kwamba usingizi hupunguza usafishaji badala ya kuuongeza, na bado wanavutana juu ya njia ya kupima. Kwa hiyo ukimsikia mtu anaapa kwamba "ukilala kwa saa nane huwezi kupata demensia", yaani maradhi ya kumbukumbu na fahamu kupotea polepole, mpuuze. Kwamba usingizi mbovu wa muda mrefu na kupungua akili huandamana, hilo limeonekana kwa watu wengi: utafiti wa Uingereza uliowafuata karibu watu 8,000 kwa miaka 25, uliotolewa 2021, ulikuta waliolala saa sita au pungufu wakiwa na miaka 50 na 60 walipata demensia zaidi ya waliolala saa saba.

Kachanganyikiwa kwa siku mbili tatu, jana hakuwa hivi

Acha kusoma, mpeleke hospitali. Kusahau kunakokuja ghafla, mtu anaropoka, anaona watu wasiokuwepo, mara yuko macho mara anasinzia, hakuhusiani na taka zilizokusanyika miaka 20. Kwa mzee mara nyingi ni malaria, nimonia, mkojo mchafu, maji yamepungua mwilini, sukari imeshuka au kupanda, au dawa mpya. Homa si lazima iwepo. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikwama, hiyo ni kiharusi na kila dakika ina hesabu yake.

Naliweka hili juu kwa sababu nyingine. Huku kwetu bibi kizee akianza kuropoka usiku na macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa miaka hamsini, jina analopewa si la ugonjwa. Yupo aliyefukuzwa kijijini kwa mkojo mchafu ambao ungetibika kwa siku saba.

Kusahau kumekuja polepole, na usiku wake si mzuri

Hapa ndipo utakapotumia muda mwingi, na hapa ndipo kwetu palikuwa na tambara.

Chukua daftari la shule. Kwa wiki mbili andika kapanda kitandani saa ngapi, kaamka mara ngapi na kwa nini, kakoroma au la, kameza nini kabla ya kulala, kasinzia mchana kiasi gani. Usimuulize yeye peke yake, maana kila mzee atakuambia "nimelala vizuri". Mwenye kujua ni anayelala naye chumba kimoja. Kwetu alikuwa mpwa wangu wa kidato cha pili, ambaye ndiye aliyeandika ukurasa wa kwanza: "Saa 5 kaenda choo. Saa 7 choo. Saa 8 na nusu choo. Saa 10 choo, hakurudi kulala, kakaa nje na redio."

*Anaamka kukojoa.* Mara moja kwa usiku si ajabu kwa mzee. Mara nne ni shida, kwa sababu usingizi mzito haupati nafasi ya kushika. Wanaume wakaguliwe tezi dume. Wote wapimwe sukari. Halafu utazame dawa. Tulipofika kliniki na lile daftari, muuguzi alilisoma akanyamaza kidogo, kisha akamgeukia baba.

"Shikamoo mzee. Hiki kidonge cheupe cha presha unameza saa ngapi?"

"Marahaba mwanangu. Saa mbili usiku, nikishakula."

"Hiki kinaongeza mkojo, baba. Ulielekezwa asubuhi."

"Asubuhi nakunywa uji. Nilisahau nimeambiwa nini, nikaona usiku ndiyo kuna chakula kizito."

Daktari akathibitisha kirudi asubuhi. Kutoka mara nne tukashuka hadi moja, mbili kwa taabu. Ni kidonge kilekile, kilichobadilika ni saa. Nilivunjika moyo kidogo kwa jinsi ilivyokuwa rahisi, maana miezi minane nzima tulikuwa tunajadili uchawi.

*Anakoroma, ananyamaza, halafu anashtuka kama anayezama.* Huku ni kukatika kwa pumzi usingizini: koo linajifunga kwa sekunde kumi au zaidi, oksijeni inashuka, ubongo unaamka kujiokoa, na mchezo unarudiwa mara nyingi bila mwenyewe kujua. Asubuhi kichwa kinamuuma na mchana anasinzia akiwa ameshika kijiko. Mrekodi kwa simu dakika tano, daktari akisikie kimya hicho mwenyewe. Unene huchangia, shingo nene pia, na pombe ya jioni hulegeza koo zaidi. Kulala ubavu husaidia wengi. Kuna utafiti wa panya wa mwaka 2015 ulioonyesha kwamba ubavu ndio mlalo unaopitisha maji ya ubongo vizuri zaidi. Mimi nimeuchukua kama nyongeza tu, sababu ya kumlaza baba ubavu ilikuwa koromeo. Mto mrefu nyuma ya mgongo unatosha kumzuia asigeuke chali.

*Anameza kitu ili alale.* Nenda kaangalie chini ya mto na kwenye mfuko wa koti. Kwa baba nilikuta karatasi ya Piriton, vidonge viwili vimebaki. Mafua hakuwa nayo. Alikuwa anameza kila usiku kwa sababu inalevya, tangu mwaka juzi, na duka la dawa la mtaani lilimuuzia kama pipi. Dawa za mzio za kizazi cha zamani kama hiyo huzuia kemikali ambayo kumbukumbu inaitegemea, na kwa mzee zinaweza kumchanganya waziwazi, zikamfungia choo na hata mkojo. Valium, kidonge cha kutuliza na kulaza, nayo humwachia usingizi mzito wa mchana na kuanguka. Na lipo jambo jipya: mwaka 2025 timu ya Nedergaard ilionyesha kwamba panya waliopewa zolpidem, kidonge cha usingizi kinachotumika sana duniani, walilala haraka lakini mwendo wa maji katika ubongo wao ulipungua. Ni panya, sawa. Ila imenifundisha kutochanganya kulala na kulewa. Aliyezoea Valium asiikate ghafla, inaweza kumletea degedege. Ipunguzwe na daktari.

*Pombe.* Kikombe cha pombe ya mtama jioni huleta usingizi upesi na kuukata usiku wa manane. Mvinyo wetu wa zabibu nao hauna msamaha.

*Kelele.* Baa ikihamia mtaani kwako sina dawa. Hamisha kitanda chumba cha nyuma.

Presha iko juu, naye anasema hasikii chochote

Rudi kwenye pampu. Mwaka 2018 timu ya Rochester iliipandisha presha ya panya na kutazama upenyo ule unaoizunguka ateri. Kuta za ateri zilibadili namna zinavyopiga, maji mengi zaidi yakawa yanarudi nyuma, na mwendo wa kwenda mbele ukapungua. Fundi yeyote wa majitaka anajua kinachofuata maji yakirudi nyuma. Hapo hujaongeza kwamba presha hiyohiyo huziba vimishipa vidogo vya damu ndani ya ubongo kwa miaka, na hiyo peke yake ni chanzo kikubwa cha demensia hata bila amiloidi.

Namna ya kukagua ni nyepesi: mpime akiwa amekaa, mgongo umeegemea, mkono uko usawa wa moyo, amepumzika dakika tano. 140 kwa 90 au zaidi, siku zaidi ya moja, ni presha. Kosa ninaloliona mitaani kwetu ni la mtu anayemeza dawa wiki anayoumwa kichwa, akipona anaiweka kabatini. Hata kichwa kisipouma, ateri bado inapata kipigo.

Anaburuza miguu, mkojo unamponyoka, na anasahau

Yakikutana haya matatu, hasa kama miguu ndiyo iliyotangulia, usiyakubali kuwa uzee. Mtu anatembea kana kwamba nyayo zimenatishwa sakafuni, hatua fupi, miguu imetanuka, anashindwa kuanza kugeuka. Hili ni tatizo la maji ya ubongo kwa maana ya moja kwa moja: yanajaa katika vyumba vya ndani ya ubongo na kuvitanua. Salomón Hakim, daktari wa Colombia, ndiye aliyelitambua, na maelezo yake yalichapishwa Marekani mwaka 1965. Kipimo cha picha ya kichwa, CT au MRI, huonyesha vyumba vilivyopanuka, na daktari anaweza kutoa maji kidogo kwa sindano mgongoni aone kama mwendo utabadilika. Tiba ni bomba. Kweli kabisa, kimpira chembamba chenye vali hupitishwa chini ya ngozi kutoka kichwani hadi tumboni kupunguza maji. Mwendo ndio hurudi vizuri zaidi, kumbukumbu hufuata kwa kuchechemea, na kadiri mnavyochelewa ndivyo inavyorudi kidogo.

Aliwahi kugonga kichwa

Muulize kama ameanguka miezi mitatu iliyopita, hata bafuni, hata kwenye bodaboda iliyoteleza mchangani "bila kuumia". Kwa mzee damu inaweza kuvuja polepole chini ya fuvu na dalili zikaja baada ya wiki kadhaa: kichwa, usingizi wa mchana, akili nzito. CT inaiona, na upasuaji unaiondoa. Kwa vijana wanaopanda bodaboda bila helmeti: katika panya, pigo la kichwa lilivuruga mpangilio wa vile vitundu vya akwaporini na tau ikaanza kujikusanya.

Usiku ni mzuri, presha nzuri, bado anasahau

Omba damu ipimwe: wekundu wa damu, tezi ya shingo, vitamini B12 (hasa kama anatumia metformin ya sukari kwa miaka), kaswende, VVU. Watu wanaona aibu kumpimisha baba yao kaswende. Hiyo aibu iwekwe pembeni, ni kipimo kama vingine.

Masikio. Anayesikia nusu hukumbuka nusu, na nta tu inaweza kuwa imeziba. Macho vilevile: mtoto wa jicho anaondolewa, na sisi wa ukanda wa Kongwa tunaijua trakoma tangu babu zetu. Mwaka 2024 jopo la jarida la Lancet liliorodhesha mambo 14 yanayoongeza hatari ya demensia, likaongeza kutoona kusikotibiwa, na kukadiria kwamba karibu asilimia 45 ya demensia ingezuilika au kucheleweshwa kama yote yangeshughulikiwa. Masikio, presha, sukari, sigara, pombe, upweke, kukaa bila kujongea yamo humo.

Huzuni nayo. Baba alifiwa na mama, miezi sita baadaye akaanza kusahau. Tuliliona na hatukuliunganisha.

Ile chupa ya shemeji

Niliifungua nikainusa: tangawizi na kitu kama mwarobaini. Hakuna kinywaji, chai, mafuta wala kidonge kinachouzwa ambacho kimeonyeshwa kuzoa amiloidi kupitia njia ya glimfatiki. Neno "kusafisha ubongo" limewafikia wauzaji mapema kuliko tiba. Elfu arobaini ingetupatia kipimo cha sukari na nauli ya kwenda na kurudi kliniki, na chenji ya nyama.

Mkishakagua yote

Kuna wakati unafunua kila chemba na tatizo liko chini ya sakafu. Demensia ipo Tanzania, hata kama hatuna jina lake la nyumbani: utafiti wa Hai, Kilimanjaro, ulikuta kama asilimia 6 ya wenye miaka 70 na zaidi wanayo. Kutoka hukohuko kilitengenezwa kipimo kisichohitaji mtu kujua kusoma, kimojawapo cha vipengele vyake kikiwa kupanga njiti nne za kiberiti kwa mfano anaoonyeshwa.

Baba aliulizwa mengi siku ile. Tarehe aliikosa. Alipoulizwa makao makuu ya nchi akajibu Dodoma, akaongeza bila kuulizwa kwamba TANU iliamua mwaka 1973 na yeye alikuwepo. Njiti ya nne aliishika muda mrefu, akaitazama, akaiweka mezani kando ya zile tatu. Daktari akasema kuna demensia inayoanza, na kwamba zile dawa za usiku zilikuwa zinaifanya ionekane kubwa kuliko ilivyo.

Hivi sasa anaongea mchana kutwa, kitu ambacho mwaka jana hakikuwepo. Ibada anakwenda kwa miguu. Kliniki ni kila baada ya miezi mitatu na daftari tunalibeba, mpwa ndiye bado mwandishi. Ukurasa wa juzi: "Jumanne. Kalala saa 3. Choo mara 1. Kakoroma kidogo, nikamgeuza. Asubuhi kaulizia funguo ya stoo mara tatu. Ilikuwa shingoni mwake."